Mkono Uliopima Sufi

Nyumbani kwetu hakuna gunia la sufi lililopita bila kuulizwa na mkono wa Babu.

Sisi ni watu wa magodoro na mito. Chumba cha mbele ndiyo karakana: cherehani ya baba mdogo iko dirishani, meza ndefu ya kukatia vitambaa iko katikati, na kona ya sufi imezungushiwa pazia ili isipeperuke ikatuingia puani. Chumba cha nyuma na jiko ndiko tunakoishi, lakini sufi haijui mpaka. Utaikuta kwenye sukari, utaikuta kwenye kope, na kwenye kichwa cha Bibi huwezi kujua ipi ni sufi na zipi ni mvi.

Mchuma sufi akileta gunia, Babu huketi kwenye kiti chake karibu na mlango. Hukunja mkono wa kushoto wa shati, taratibu, kama mtu anayefungua zawadi ya mwenzake. Huchota konzi moja ya sufi, huipitisha juu ya kovu lake kutoka kwenye kifundo mpaka kwenye kiwiko, mara moja kwenda, mara moja kurudi. Halafu hufumba macho. Sote hunyamaza. Hata cherehani husimama. Kama sufi ina vumbi, au unyevu, au vipande vya maganda vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, kovu humwambia. Babu hufumbua macho na kusema neno moja: "Safi," au "Irudi."

Kovu lenyewe limefunika mkono wote chini ya kiwiko. Ngozi yake inang'aa na kukunjamana kama karatasi iliyoloa ikakaushwa juani. Alilipata vitani alipokuwa askari kijana, mbali sana na hapa. Sisi wajukuu tulizoea kumwomba atusimulie, ingawa tulikuwa tunaijua hadithi neno kwa neno.

"Haikuwa na moshi," angesema. "Watu wanadhani gesi ni moshi. Ile ilikuwa harufu tu, kama mtu anamenya vitunguu saumu nyuma ya ukuta. Tukacheka, tukasema leo wapishi wametukumbuka. Hatukuumwa na chochote. Tukala, tukalala. Alfajiri ndipo mikono ikaanza kuwasha. Na anayejikuna, anajipaka."

Anayejikuna, anajipaka. Hiyo ndiyo methali ya nyumba yetu. Tumelelewa nayo. Ukiumwa na mbu, ukipata tetekuwanga, ukipitiwa na kiwavi shingoni, kabla hujainua kidole utasikia kutoka kwenye kiti cha mlangoni: "Usikune!"

Nilipokuwa mdogo nyuki aliniuma mdomoni, nikavimba hadi nikashindwa kula. Babu alinipakata, akautoa mwiba kwa ukucha, akasema, "Msamehe. Alikuwa analinda nyumba yake. Siafu naye ni hivyo hivyo, na upupu unalinda mbegu zake tu. Hawa wanawasha kwa sababu umewasogelea." Halafu akatazama mkono wake. "Lakini yule aliyetuchemshia ile dawa, hata hasira na mimi hakuwa nayo. Alikuwa hanijui."

Kwa miaka mingi baada ya vita, ngozi ile ilikuwa kali kupita kiasi. Shuka lilimchoma. Godoro la nyasi lilimtesa, la sponji lilimtoa jasho na jasho likamchoma zaidi. Bibi alikuwa ndiyo kwanza ameolewa. Alimshonea mto, ukashindikana. Akaufumua, akachambua sufi upya, chembe kwa chembe, akashona tena. Ukashindikana. Alifumua na kushona mpaka siku moja Babu akalala usingizi mzito hadi jua likampiga usoni. Majirani wakaomba nao washonewe kama ule. Ndivyo biashara yetu ilivyoanza: mke akimtafutia mumewe pa kulala.

Mimi ni mjukuu wao wa kike, niliyebaki nyumbani. Babu ananiita Kimya. Ni kweli, maneno yangu ni machache, na yakiwa mbele za watu huwa hayatoki kabisa. Mtu akinitazama, shingo inaanza kunichonyota, mikono inapata joto, natamani kuingia nyuma ya pazia la sufi. Shule niliiacha kabla sijaimaliza, na nisiseme uongo, sikulia sana. Kila mwalimu aliponiita jina nilikuwa nawashwa mwili mzima kama nimelalia majani. Kazi ya kuchambua sufi ilinifaa. Sufi haikuulizi swali.

Ngazi naye si msemaji. Tulimpa jina hilo kwa sababu ya urefu wake, na kwa sababu kazi yake ni kupanda misufi na kuangua matunda yake. Kwa misimu miwili alituletea magunia. Wachumaji wengine hufunga mdomo wa gunia kwa kamba yoyote, lakini yeye alifunga kwa utepe wa kitambaa chekundu, na fundo lake lilifunguka kwa kuvuta mara moja. Niligundua kwamba magunia ya nyumba nyingine anayafunga kwa kamba. Sikumwambia mtu. Zile tepe nilizitunza chini ya mto wangu.

Mazungumzo yetu yalikuwa hivi:

"Gunia zito."

"Eeh."

"Nikushikie mdomo?"

"Shika."

Akashika mdomo wa gunia, nikachota sufi, basi. Na bado jioni ile Bibi aliniuliza kwa nini nimetia chumvi kwenye chai.

Ngazi alipomtuma shangazi yake kuja kuniulizia, Babu alicheka mpaka akakohoa. "Anataka kuninyang'anya mke wangu mdogo? Aje. Aje na gunia lake bora kuliko yote. Mkono huu ndio utakaosema. Sufi ikipita, na yeye kapita. Ikirudi, arudi nayo."

Ulikuwa utani wa babu na mjukuu, lakini utani wa Babu kwetu una tabia ya kugeuka sheria. Baba mdogo, ambaye hacheki hovyo, alitikisa kichwa juu ya cherehani na kusema, "Hiyo ni haki. Mkono haupendelei mtu."

Siku moja kabla ya ugeni, niliona kitu nisichotakiwa kukiona.

Baba mdogo alikuwa ametoka kununua nyuzi, na pasi yake ya mkaa ilikuwa juu ya meza, imeiva. Babu aliinama kutafuta mkasi huku ananitania. "Huyo mchumba wako ukimtaka busu, itabidi upande kiti." Mkono wake wa kushoto ukalala kwenye ubavu wa pasi. Aliendelea kucheka. Nilisikia harufu ya kuungua kabla sijaelewa. Nilimvuta mkono kwa nguvu hata mkasi ukaanguka.

Alama nyekundu ilikuwa imekaa juu ya kovu, ndefu kama kidole. Babu aliitazama kama anaitazama ya mtu mwingine. Kisha akanitazama mimi.

"Tangu lini, Babu?"

Alishusha mkono wa shati. "Ilianza kidogo kidogo. Kwanza hapa kwenye kifundo, halafu ikawa inapanda. Sasa naweza kuupiga na nyundo."

"Na magunia?"

"Magunia nabahatisha. Na mpaka leo sijakosea, Mungu ni mwema." Alijaribu kutabasamu. "Usimwambie bibi yako. Wala baba yako mdogo. Mkono huu ndiyo kazi yangu, Kimya. Ukishajulikana umekufa, nitakuwa mzee wa kukaa kwenye kiti, anayeulizwa kama ameshakunywa uji. Askari hasemi kila anachokiona. Sawa?"

Niliitikia kwa kichwa. Kunyamaza ni kazi ambayo sijawahi kushindwa.

Kesho yake walifika mapema kuliko tulivyopatana. Ngazi alivaa shati jeupe la kuazima, mikono imeishia katikati ya njia, na gunia begani likiwa na utepe mwekundu. Nyuma yake alikuja shangazi yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza nyumba. Yeye ni msusi.

"Hodi, hodi, wenyewe! Tumekuja, msituangalie miguu, vumbi ni la njiani!"

"Karibuni, karibuni sana," Bibi alisema akifuta mikono. Alikuwa bado anakanda unga. Alilitazama lile gunia, akapeleka mkono kama anataka kulipokea. "Nipe nikalihifadhi huko nyuma, mwanangu, mpumzike kwanza."

"Hapana, hapana," alisema baba mdogo, "lipimwe hapa hapa mbele ya watu. Ndiyo makubaliano."

Bibi akafungua mdomo, akaufumba, akarudi jikoni. Wakati huo sikulitilia maanani.

"Shikamoo, Babu," Ngazi alisema, akiwa amejikunja kwa adabu hadi akawa na urefu wa mtu wa kawaida.

"Marahaba. Kaa. Kwa hiyo ni wewe unayemtaka mke wangu. Umeambiwa kwamba anakoroma?"

Shangazi mtu akapiga makofi. "Babu, huyu wangu analala kama gogo, hatasikia!"

Niliinamisha uso. Shingo ilianza kuniwasha hata kabla ya salamu kwisha.

Babu alikunja mkono wa shati, ila safari hii aliukunja kwa namna ambayo alama ya pasi ikabaki imefichika. Ngazi alivuta utepe, mdomo wa gunia ukafunguka. Sufi ilikuwa nyeupe hata ikatia mwanga kwenye kuta. Babu akachota konzi, akaipitisha juu ya kovu. Kwenda. Kurudi. Akafumba macho.

Nilikuwa namtazama. Siku zote uso wake ukipima huwa mtulivu, kama wa mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili. Siku ile kope zilitetemeka. Nilijua anauliza mlangoni kwa mtu aliyehama.

"Safi," alisema.

Shangazi alipiga kigelegele kimoja kikali, cherehani yenyewe ikaitika. Baba mdogo akampa Ngazi mkono. Ngazi akanitazama, mara moja tu, na mimi mikono yote ikashika moto.

Tuna mazoea yetu kazini: gunia likipita, konzi ya kwanza hushonwa mto mdogo papo hapo, na aliyelileta huuegemea shingoni wakati chai inamiminwa. Niliingia nyuma ya pazia, nikajaza sufi ya gunia lile kwenye mfuko wa kitambaa. Vidole havikuwa na shida, lakini vifundo vya mikono viliniwasha, na shingo, na chini ya kidevu. Nikajisemea, hii aibu yangu leo imezidi. Baba mdogo akashona mdomo wa mto kwa mistari miwili, nikampelekea Ngazi nikiwa nimetazama sakafu. Yeye akaupokea kwa mikono miwili, akampa shangazi yake.

"Wewe ndiye mkubwa, shangazi."

"Mnaona malezi?" alisema shangazi, akauweka nyuma ya shingo, akafumba macho kama malkia.

Tulikaa. Babu aliuliza habari za mvua. Shangazi alianza kusimulia habari za mteja wake mmoja anayesinzia akisukwa, katikati ya maneno akasogeza bega. Akaendelea. Akasogeza bega jingine. Baba mdogo akajikuna nyuma ya sikio kwa ncha ya futi yake ya kupimia. Ngazi alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, jasho linamtiririka, na misuli ya shavu inacheza peke yake. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujikuna mbele ya wakwe. Shangazi alianza kujisugua kwenye mgongo wa kiti, kidogo kidogo, kama ng'ombe kwenye mti, huku bado anasimulia, "... basi nikamwambia, mama, kichwa chako ni kizito kama... kama... jamani! Jamani wee! Mmenipa mto au kichuguu cha siafu?"

Mto ukaruka, ukatua juu ya meza ya kukatia. Shangazi alisimama, anajishika shingo, kifua, mgongo ambako mkono haufiki. Bibi alichungulia kutoka jikoni, akatazama shingo ile iliyokuwa imevimba mistari mistari, akatoweka tena.

"Usikune!" Babu alisema. "Anayejikuna, anajipaka!"

"Nisikune nife?"

Baba mdogo aliufumua mto dirishani. Alichambua sufi kwa ncha ya mkasi, akainua kidogo kwenye mwanga. Katikati ya ule weupe kulikuwa na vinyweleo vya rangi ya dhahabu, vyembamba kuliko uzi wowote alionao.

"Upupu," alisema.

Chumba kikatulia, ila kucha za shangazi.

Baba mdogo ni mtu wa vipimo. Anakata kitambaa mara moja, na anafikiri vivyo hivyo. "Gunia limepimwa," alisema polepole. "Mkono wa baba haujakosea tangu nizaliwe. Kwa hiyo lilipopimwa lilikuwa safi. Upupu umeingia baada ya hapo. Nani alikuwa amesimama karibu na gunia baada ya hapo?"

"Mimi," Ngazi alisema. "Nilikuwa nimeshika mdomo wake."

"Unaona."

"Anaona nini?" Shangazi aliacha kujikuna kwa hasira. "Mtoto wangu atie upupu kwenye posa yake mwenyewe? Ana wazimu?"

"Vijana wa siku hizi wanafanya mzaha hata msibani, halafu wanacheka na wenzao. Labda amewekeana dau na mtu. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mkono haudanganyi."

"Na huyu hadanganyi!"

Wote wakamtazama Ngazi. Angeweza kusema neno moja tu: Babu amekosea. Lilikuwa pale, limeiva, la kuchuma tu. Nilimwona analimeza.

"Babu amesema ilikuwa safi," alisema. "Mimi siwezi kubishana na mkono wa Babu. Kama umeharibika, umeharibikia mikononi mwangu. Naomba radhi."

Aliinama, akaanza kuufunga mdomo wa gunia. Mkono wake ulikuwa umejaa vipele hadi kwenye kiwiko. Utepe mwekundu ulimponyoka, akauokota. Nilijua akishaufunga, atalitupa gunia begani, atatoka, na kwa adabu aliyonayo hatarudi tena.

Nikamtazama Babu. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono wa kulia umefunika kovu. Sijawahi kumwona mdogo kiasi kile. Nilikuwa nimempa neno langu. Na ningesema nini? Kwamba mkono uliotulisha sote umekufa, niseme hivyo mbele ya wageni, mbele ya mwanawe?

Miguu ilisimama kabla mimi sijaamua. Nilikwenda mpaka kwenye gunia. Ngazi akasita. Nilitumbukiza mkono mpaka kwapani, nikachota sufi ya chini kabisa, ya kitakoni, ambayo hakuna mkono uliokuwa umeifikia tangu gunia liingie. Nikaenda nayo mpaka kwenye kiti cha Babu, nikapiga magoti, nikakunja mkono wa gauni langu, nikauweka mkono wangu juu ya paja lake, sambamba na wake.

"Babu," nilisema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. "Na mimi nifundishe kupima."

Babu alinitazama. Alinielewa. Niliona macho yake yakilowa, kisha yakatulia. Alichukua sufi ile kwenye kiganja changu, akaipitisha juu ya mkono wangu. Kwenda. Haikufika kwenye kiwiko. Ilikuwa kama nimemwagiwa cheche za jiko. Nilibana meno.

"Sema," Babu alisema.

Sikuweza. Nilikuwa nimefika mwisho wa ujasiri wangu.

"Basi nitasema mimi." Alinyanyua kichwa. "Inawasha. Na imetoka chini ya gunia. Kwa hiyo iliwasha tangu ilipoingia mlangoni, iliwasha nilipoipima, na mimi nikasema safi." Alifunua kovu lote, pamoja na alama ya pasi. "Mkono huu umekufa, mwanangu," alimwambia baba mdogo. "Jana umelalia pasi yako na sikujua. Gesi ilianza kwa kunipa maumivu yasiyo na mwisho, sasa imerudi kuchukua hata hayo. Niliona haya kusema. Kijana huyu ameniheshimu kuliko nilivyostahili. Fungua gunia, Ngazi. Kaa chini."

Baba mdogo alibaki na mkasi hewani. "Lakini, baba... na magunia yote yale? Hakuna hata godoro moja lililorudishwa na mteja."

"Kwa sababu nayapima mimi," alisema Bibi.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na bakuli kubwa la unga uliokandwa.

"Kila gunia linalokuja hapa hupitia kwangu huko nyuma. Nalipima kwa shingo yangu, na chafu nalirudisha, kabla mzee hajamaliza kunawa uso. La leo limeingia kwa mlango wa mbele na kelele za wageni, nikashindwa kulitangulia."

Babu aligeuka polepole. "Ulijua?"

"Nalala upande gani wa kitanda, mume wangu? Ukikoroma nakufinya mkono gani? Zamani ulikuwa unaruka. Siku moja nikafinya, ukaendelea kukoroma. Nikafinya tena. Nikalia kidogo, nikalala."

"Kwa hiyo muda wote huu mimi nimekaa hapa, nimefumba macho, bure?"

"Si bure," Bibi alisema. "Unapendeza ukifumba macho."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, huku anajikuna. Halafu baba mdogo, ambaye hacheki hovyo. Halafu Babu mwenyewe, kicheko cha kukohoa, anafuta machozi kwa mkono uleule usiosikia kitu.

"Maji!" alisema alipopata pumzi. "Leteni maji mengi, tuwaoshe. Jeshini tulifundishwa, maji mengi!"

"Maji baadaye. Yatavipeleka vinyweleo mwilini kote," Bibi alisema. "Huko jeshini hamkuwa na bibi."

Akamega unga, akautandaza kwenye shingo ya shangazi, akauviringisha. Vinyweleo vikanata kwenye unga. Akautupa, akamega mwingine. Alitugawia sote kama anagawa chakula. Tukawa tunaviringishana unga mikononi na shingoni.

"Mimi kazi yangu kusokota vichwa vya watu," shangazi alisema, "leo nimesokotwa mimi."

"Hebu tuambie, kijana," Babu alisema, "upupu ulikutana nao wapi?"

Ngazi alikuwa anaviringisha unga kwenye kifundo chake. "Sufi nilishaianika ikakauka. Nikaogopa haijakauka vya kutosha, nikaianika tena. Leo asubuhi nikaogopa tena, nikalitundika gunia kwenye uzio wa jirani, mdomo wazi, lipigwe na upepo. Uzio ule una mizabibu pori, ndivyo nilivyodhani. Sikuangalia vizuri. Akili haikuwa pale."

"Na hukusikia kuwashwa, njia yote hiyo, gunia begani?"

"Nilisikia, Babu. Nawashwa tangu asubuhi." Akanitazama, halafu akatazama unga. "Nilidhani ni woga. Mimi nikija nyumba hii huwa nawashwa kidogo siku zote."

"Na mimi," nilisema.

Maneno mawili tu, lakini niliyasema kwa sauti, mbele ya watu wote. Shangazi akaacha kuviringisha. Nikatamani pazia la sufi, na sikwenda.

Bibi alikuwa amefika kwa Babu. Yeye hakuwa analalamika, kwa sababu hakuwa anasikia kitu, ila kovu lake lilikuwa limejaa vinyweleo kuliko sote. Bibi alikaa kwenye sakafu, akauchukua ule mkono mapajani, akaanza kuuviringishia unga, kidogo kidogo, kutoka kwenye kifundo. Alipofika karibu na kiwiko, kwa ndani, mahali ambapo kovu linaishia, Babu alishtuka.

"Hapo!"

"Hapo nini?"

"Hapo panawasha! Rudi. Hapo hapo. Mke wangu, panawasha!"

Palikuwa padogo, pa kufunikwa na ncha ya kidole gumba. Babu alipatazama kama mtu aliyeokota pete yake iliyopotea. Akanyanyua mkono wa kulia, kucha tayari.

"Usikune!" tulisema wote kwa pamoja, hata Ngazi, hata shangazi.

Walipokuwa wanaaga, Babu alimwita Ngazi. "Nilisema sufi ikirudi, nawe urudi nayo. Neno langu silivunji. Rudi nayo. Halafu uje na nyingine. Na uzio wa jirani uuache mahali pake."

"Nitakuja, Babu."

"Nenda. Mke wangu atakusubiri, wewe mwizi."

Alikuja wiki iliyofuata. Nilimsikia kabla sijamwona, maana alipiga hodi akasahau kuinama, na kizingiti chetu ni kifupi. Baba mdogo alisimamisha cherehani. Bibi alitoka jikoni, mikono mitupu, akaegemea mlango.

Nilikwenda kwenye nafasi yangu ya siku zote, karibu na pazia. Babu akatikisa kichwa. Alijiinua kutoka kwenye kiti chake, akakipangusa kwa kiganja, akaketi kwenye kigoda kando yake.

"Njoo," aliniambia. "Ngozi unayo. Lakini kazi hii si ya ngozi tu. Anayepima ndiye anayesema, na anasema watu wote wasikie. Ukinong'ona, mtu atalala kwenye upupu."

Nilikaa. Kiti kilikuwa bado kina joto lake. Nilikunja mkono wa gauni. Ngazi akavuta utepe mwekundu, akashika mdomo wa gunia. Nilichota konzi. Kwenda. Kurudi. Nikafumba macho.

Kulikuwa na kuwashwa, ndiyo. Shingoni, na kwenye masikio, kwa sababu wote walikuwa wananitazama, na mmoja wao zaidi. Nilisubiri mpaka nikatenganisha kuwashwa kwa aibu na kwa sufi. Kwenye mkono hakukuwa na kitu, ila ulaini tu, kama pumzi ya mtoto aliyelala.

"Sema," Babu alininong'oneza. "Cherehani isikie."

Nikafumbua macho, nikasema.